Gari limepanda, mpira umechanika

Ndugu msomaji, barua iliyonifikia Januari ilikuwa na kurasa tatu, na ukurasa mmoja mzima ulikuwa malalamiko dhidi ya fundi. Aliyeiandika ni baba wa watoto wanne, mfanyakazi wa bandarini, mkazi wa Goba jijini Dar es Salaam. Ana Toyota RAV4 ya mwaka 1998, yaani ile ya toleo la kwanza lililoanza 1994 na kukoma 2000. Katika muda usiotimia mwaka mmoja, aliandika, amebadilisha mpira wa sivijointi ya mbele kushoto mara tatu na ule wa kulia mara mbili. Kila mara fundi hupokea fedha na kusema kazi imekwisha. Na kila mara, baada ya miezi michache, grisi nyeusi hutapakaa tena upande wa ndani wa rimu. "Je, huyu si mwizi?" aliniuliza.

Mwishoni, kwa mwandiko mdogo kuliko ule wa mwanzo, aliongeza kwamba fedha za matengenezo ya mwisho zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto, na kwamba mama watoto ameshatamka kuwa gari liuzwe.

Nilimjibu kuwa siwezi kumwita mtu mwizi kabla sijaliona gari lenyewe. Jumamosi moja asubuhi nikapanda daladala kwenda Goba, nikiongozana na fundi mmoja mzee ambaye ujana wake wote aliumalizia chini ya mabasi ya mikoani, na ambaye nimezoea kumtegemea kila mambo ya magari yanaponizidi kimo. Yafuatayo ndiyo tuliyoyaona. Nimeona vema niyaandike hapa kwa kuwa magari ya aina hii ni mengi katika miji yetu, na familia nyingi huyanunua yakiwa yameshatumika miaka ishirini na zaidi.

Gari tulilikuta chini ya mwembe, limeoshwa, limetulia. Nami, nisiye fundi, niliona tu kwamba linapendeza. Mzee wangu hakufungua boneti wala hakuuliza habari za injini. Alisimama ubavuni, akalitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani, kisha akachuchumaa mbele ya gurudumu.

"Ndugu yangu," akasema, "hili gari mmelinyanyua lini?"

Mwenyeji wetu alishangaa. Katika kurasa zake tatu hakuwa amelitaja jambo hilo hata kwa neno moja. Akajibu kuwa ni Februari ya mwaka uliotangulia, kabla ya masika, alipowekewa juu ya shokapu za mbele vile vipande ambavyo mafundi huviita spesa, vyenye unene wa sentimita 5. Kwa nyuma hakuweka. Fedha zilitosha za mbele tu. "Lakini hiyo ni habari ya shokapu, mzee," akasema. "Mimi ninalalamikia mpira."

Basi hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kisa chote, na yafaa tukae hapo kidogo.

Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, nguvu ya injini hutoka kwenye sanduku la gia kwa shafti mbili, moja kushoto na moja kulia. Gurudumu hilo linalozungushwa na shafti ndilo pia linalokata kona, na ndilo linalopanda na kushuka katika mashimo. Hapana budi, basi, shafti iwe na viungo vinavyoweza kupinda huku vikizunguka. Kiungo cha kawaida chenye msalaba, kama kile cha propela ya lori, kikipinda sana huzunguka kwa kusitasita: mara mbio, mara polepole, ndani ya mzunguko mmoja. Gurudumu la mbele likizungushwa hivyo usukani ungetetemeka mikononi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mhandisi mmoja wa Marekani, Alfred Rzeppa, aliyefanya kazi Ford, alibuni kiungo chenye gololi sita za chuma zinazotembea katika mifereji, ambacho huzungusha kwa mwendo ule ule hata kikipindwa. Mini ya Waingereza ilipotoka 1959 ikiwa na kiungo cha ukoo huo, gari dogo la kuvutwa mbele likawa jambo la kawaida duniani. Hicho ndicho mafundi wetu hukiita sivijointi.

Gololi hizo na mifereji yake zimesuguliwa kwa ulinganifu mkubwa mno. Adui yake ni mchanga. Ndiyo sababu kiungo hufunikwa kwa mpira wenye mikunjo, mfano wa mvukuto wa mhunzi, uliojazwa grisi nyeusi na kubanwa kwa mikanda ya chuma huku na huku. Mpira huo hauna kazi nyingine ila mbili: kuizuia grisi isitoke, na kuuzuia mchanga usiingie. Ni kitu cha bei ndogo kinacholinda kitu cha bei kubwa.

Sasa tazama kinachotokea gari linapoinuliwa kwa spesa. Gurudumu halipandi, liko pale pale barabarani. Kinachopanda ni bodi, pamoja na injini na sanduku la gia. Shafti iliyokuwa imelala karibu sawa, na kuinama kidogo tu kama kiwanda kilivyokusudia, sasa hushuka kwa mteremko kutoka kwenye gia kwenda kwenye gurudumu. Mzee wangu alichora hesabu yake mchangani kwa kijiti: ikiwa kati ya kiungo cha ndani na cha nje kuna sentimita 40, na sanduku la gia limepanda sentimita 5, basi mwinamo umeongezeka kwa digrii kama saba.

Digrii saba si kitu, utasema, maana gari likikata kona kiungo hupinda zaidi ya hapo mara kadhaa. Ni kweli kabisa. Lakini kona hukatwa kwa sekunde chache, kisha usukani hurudi. Mwinamo wa spesa haurudi. Upo asubuhi, upo jioni, upo kwenye lami iliyonyooka. Mikunjo ya mpira upande mmoja imevutwa, upande wa pili imebanwa hadi inagusana na kusuguana. Na kwa kuwa shafti inazunguka, kila sehemu ya mpira huvutwa na kubanwa mara moja katika kila mzunguko. Gurudumu la gari hili husafiri karibu mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Baba huyu huendesha kilomita 40 kwa siku, kwenda kazini na kurudi. Hiyo ni mizunguko zaidi ya 18,000 kila siku ya Mungu, mpira ukijisugua mahali pale pale. Ongeza joto letu, ongeza vumbi linalojikusanya kati ya mikunjo na kufanya kazi ya msasa.

Na kuna jambo la pili ambalo halionekani gari likiwa limesimama. Kipande kikikaa juu ya shokapu huisukuma shokapu nzima chini, kwa hiyo gurudumu linapotumbukia shimoni huweza kuning'inia chini zaidi kuliko lilivyopangiwa. Hapo mwinamo huwa mkubwa kupita kiasi kwa nukta moja, na kiungo cha ndani nacho huvutwa kuelekea mwisho wa nafasi yake. Mzee alipiga jeki, akaweka stendi, gurudumu likaning'inia. Nikachungulia. Mikunjo ya chini ilikuwa imelaliana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na katika mkunjo wa pili palikuwa na ufa mwembamba, urefu wa ukucha, unaolia grisi. Mpira huo ulikuwa na umri wa wiki saba.

Mwenyeji wetu alikaa kimya kwa muda. Kisha akaleta hoja ambayo nawe huenda unayo: mbona Land Cruiser za ofisini, zile za mkonga, huinuliwa na kupigishwa porini miaka nenda miaka rudi, wala hatusikii kilio cha mipira?

Jibu ni kwamba hizo ni mnyama mwingine. Mkonga wa mfululizo wa 70 una ekseli ngumu mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na shafti zake zimo ndani ya chuma hicho. Ukiinua bodi, ekseli yote hubaki ilipo na shafti hazijui kilichotokea juu yake. (Propela huinama, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.) Gari ambalo kila gurudumu la mbele hujitegemea haliwezi kufuata mfano huo. Kadhalika Mitsubishi Pajero za miaka ya 1980 na Hilux Surf za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambazo mbele hazina springi za mviringo bali vyuma virefu vya kujisokota. Hizo huinuliwa bila kununua chochote, kwa kukaza bolti mbili tu, na ndiyo maana wengi hushawishika. Bolti ni bure. Mwinamo wa shafti ni ule ule.

Nakiri kwamba mpaka hapo nilikuwa tayari kumwambia mwenyeji wangu aachane na mambo ya fahari. Nilidhani aliinua gari ili lionekane. Bahati njema sikufungua mdomo, maana mama watoto alikuja na chai, akasikia tunayoyasema, akasimama na sinia mkononi.

"Mwandishi," akaniambia, "huyu hakuinua gari kwa maringo. Mimi ndiye niliyemwambia ainue." Akaeleza kwamba kutoka lami hadi nyumbani kuna mwendo wa kilomita mbili za udongo na mawe, na bondeni pana kivuko ambacho mvua hukichimba. Masika ya mwaka ule, kila walipopita hapo wakiwa wote sita pamoja na madumu ya maji, chini ya gari paligonga kishindo hadi mtoto mdogo akawa analia kabla hawajafika. Mara mbili walishuka na kutembea kwenye tope gizani, yeye na watoto, ili gari lipite tupu. "Sasa mkisema vipande vitolewe," akamaliza, "semeni pia mvua ikija tutapita wapi."

Hilo ni swali la haki, nami sikuwa na jibu. Mzee wangu aliinywa chai yake yote kwanza. Kisha akaomba kipande cha boksi, akakitandika, akalala chali chini ya gari lililokuwa juu ya stendi, akazunguka na tochi kutoka mbele hadi nyuma. Alipotoka alimwita mama mwenyewe aje aone.

Chuma cha mbele chini ya injini kilikuwa na vumbi tu. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja wa maana. Bali sanduku la ekzosi, kule nyuma, lilikuwa limepondwa na kusuguliwa hadi kung'aa. Kilichokuwa kikigonga kivukoni hakikuwa injini. Ilikuwa nyuma ya gari.

Tukapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kisha tukapima gari la jirani wa nyumba ya tatu, la toleo lile lile, ambalo lilitiwa springi mpya mwaka jana. Nyuma, gari la mwenyeji wetu lilikuwa chini kwa sentimita 4, likiwa tupu. Springi za nyuma zilikuwa zimelala kwa uzee. Fikiria basi likibeba watu sita na maji. Za mbele zilikuwa bado zina nguvu. Familia hii ilikuwa imeinua pua ya gari ilhali tatizo lilikuwa mkiani, na kwa mwaka mzima imekuwa ikilipia kosa hilo kwa mipira.

Ndugu msomaji, kama gari lako la juu linagonga chini, na lina miaka ishirini au zaidi, usianze kwa kuuliza bei ya spesa. Anza kwa kupima. Mara nyingi gari halikutengenezwa fupi, bali limefupishwa na miaka. Springi mpya na shokapu nzima hurudisha kimo ambacho kiwanda kilikipanga, na kwa kimo hicho shafti, boljointi na tairodi zote zimo mahali pake. Anayetaka kupita hapo na aongeze kidogo, sentimita 2 hivi, apime tena usawa wa magurudumu, aangalie na paipu ya breki isivutwe gurudumu linaponing'inia, tena ajue kuwa gari refu hulala zaidi kwenye kona. Ngao ya chuma chini ya injini mara nyingi humsaidia mtu wa barabara ya mawe kuliko spesa. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo mafundi watakaonicheka.

Na yule fundi wa mtaani, je, ni mwizi? Aliitwa, akaja, kijana mpole mwenye mikono myeusi. Alimwamkia mzee wangu kwa heshima, "Shikamoo, mzee," na mzee akamuuliza mipira ilikuwa ya aina gani. Kijana hakuficha. Ule wa kwanza ulikuwa mzima, wa kuvulia shafti yote. Wa pili na wa tatu ilikuwa ya kupasuliwa, ile inayovishwa juu kwa juu na kugundishwa, kwa sababu mwenye gari alimwambia afanye ya haraka, anawahi zamu. Mwenye gari akatazama chini. Gundi ya namna hiyo hutaka mahali pakavu pasipo hata harufu ya grisi, na mwinamo wa kawaida. Juu ya shafti iliyoinama hudumu kadiri Mungu apendavyo. Kijana alisema pia kwamba alishawahi kumwonya kuhusu spesa. Mwenyeji wetu hakukumbuka. Nadhani wote wawili walisema kweli.

Heri ni kwamba mpira ulikuwa ukibadilishwa mapema, kwa hiyo gololi zenyewe zilikuwa bado salama. Wengine hatukuwa na heri hiyo. Miaka sita iliyopita nilikuwa na gari dogo la kuvutwa mbele, likaanza kulia ka-ka-ka-ka kila nilipokata kona kali. Niliongeza sauti ya redio. Miezi miwili baadaye, njiani kwenda Kibaha, nikiwa na mama mkwe kiti cha nyuma na mbuzi wa sherehe kwenye buti, kiungo kilivunjika. Injini inanguruma, gia imeingia, gari halisogei hata inchi. Mama mkwe hakusema neno, na hadi leo hajasema. Lakini kama kiungo kingevunjika nikiwa nalipita lori, nisingekuwa hapa kuwasimulia.

Kwa hiyo jifunze kuchungulia. Simamisha gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, kata usukani hadi mwisho, zima injini, kisha chukua tochi utazame nyuma ya gurudumu. Mpira wa nje utauona mara moja. Panua mikunjo kwa vidole, maana ufa hujificha ndani yake. Angalia rimu upande wa ndani na vyuma vya jirani: grisi iliyorushwa duara ni ushahidi kabla ya ufa wenyewe kuonekana. Geuza usukani upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Mpira wa kiungo cha ndani, karibu na gia, hutaka gari lipandishwe. Hapo usiingie chini kwa kuamini jeki peke yake, weka stendi. Kama gari ni la magurudumu manne, nyuma nako kuna mipira ya namna hiyo. Kisha nenda uwanja wa wazi, kata usukani mwisho, zunguka polepole upande huu na huu, redio ikiwa imezimwa.

Ukiukuta mpira umechanika na hakuna mlio, kiungo kifunguliwe, kioshwe kabisa grisi ya zamani itoke, kitiwe grisi yake maalumu yenye molibdenamu, si ile ya kopo ya beringi, na kivishwe mpira mzima. Ukikuta mlio umeshaanza, mpira mpya hausaidii kitu. Mchanga umeshafanya kazi yake.

Siku ile ile, chini ya mwembe, spesa zilitolewa. Kijana wa mtaani ndiye aliyefanya kazi, mzee akisimamia, na mipira miwili mizima ilinunuliwa Gerezani mchana. Fedha za springi za nyuma hazikuwapo. Mama watoto aliuliza bei, akahesabu vidoleni, akasema zitapatikana mwisho wa Februari, na mpaka wakati huo gari lisibebe maji. Hakuna aliyembishia.

Barua ya pili imenifikia wiki iliyopita, masika yakiwa yamekwisha. Safari hii ni nusu ukurasa. Springi ziliwekwa siku tatu kabla ya mvua kubwa ya kwanza. Kivukoni gari limegonga mara moja tu, siku walipompakia shemeji na kitanda chake. Kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani binti mkubwa, wa darasa la sita, hushika tochi na kuchungulia nyuma ya magurudumu, maana baba yake mgongo unamsumbua kuinama. Mpira wa kushoto, anaandika, bado mkavu.